Rehema na Deni la Jirani

Mwisho wa Aprili 2021 tulisimama katika mwalo wa Kibirizi pamoja na mzee mmoja aliyetoka Gereza la Bangwe, tumpandishe chomboni arudi kwao, kaskazini. Mzee huyo alikabidhiwa nyavu na mashine ya mtumbwi na rafiki yake aliyekuwa akifa, awatunzie mjane na watoto. Naye akaviuza, akafungwa. Sasa alikuwa amepita miaka 70, na kifua chake kilimlemea hata asiweze kupanda chomboni pasipo kushikwa mkono.

Tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ametoa msamaha kwa wafungwa 5,001. Uwezo huo Rais hupewa na Ibara ya 45 ya Katiba ya 1977. Katika waliohurumiwa walitajwa wagonjwa mahututi waliothibitishwa na waganga, wazee wa miaka 70 na zaidi, wanawake wenye watoto wanyonyao, na vilema. Twaona ya kuwa ni jambo jema. Gereza halikuwekwa liwe kaburi.

Tulipofika kijijini watu walipiga vigelegele, nasi tukasali sala ya shukrani papo hapo mchangani. Yule mjane alikuwa akianika dagaa. Alituona, akaacha dagaa wake, akaenda zake bila neno.

Kesho yake tukamwendea. Akasema, “Mwalimu, kusamehe si kubaya. Lakini deni langu limesamehewa na nani? Kila mwezi mlikwenda Bangwe kumwona yeye. Kwangu hamkufika, wala hamkuniambia ya kuwa anarudi.” Hatukuwa na jibu.

Tulikumbuka tarehe 9 Desemba 2017, huko Dodoma, ambapo Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 8,157. Miongoni mwao walikuwamo mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe Johnson, waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa kosa la kuwanajisi watoto wa shule, wao wakikana. Wengi walishangilia, kwa maana nyimbo zao zilipendwa. Watetezi wa watoto wakahuzunika. Machi 2018 Mahakama ya Afrika, Arusha, ikaona kasoro katika kesi yao. Lakini hata anayeiona hukumu ile kuwa na kasoro, imempasa kuuliza: je, wazazi wa watoto wale walizipokeaje habari hizo? Tena, mgonjwa asiye na sifa, nani amwimbiaye? Huruma ikifuata jina la mtu, yaacha kuwa huruma, yawa upendeleo.

Basi wazee wa kijiji wakakaa na wana wa yule mzee. Wakakubali kwamba kila giza la mwezi, wavuapo dagaa, fungu moja liwe la mjane. Mzee alifariki kabla deni halijaisha. Wanawe wakaendelea kulipa. Siku ya maziko mjane alikuja, akaketi na wenzake. Hatukumwuliza kama amesamehe.

Ninyi walimu na wazazi, ndugu akiachiliwa mapema, furahini naye. Lakini kabla hamjakwenda mwaloni kumpokea, piteni kwanza nyumbani kwa aliyekosewa. Sisi tulipita nyuma, na aibu yake tungali nayo.