Mng'ao wa Keki na Amana ya Mlaji

Kila Idd inapokaribia, sisi wa kamati ya msikiti hapa Bariadi hupokea swali ambalo wazee wetu hawakulijua: je, maua ya keki yang'aayo kama kioo ni halali? Swali hili si dogo. Wapo kina mama miongoni mwetu wanaosomesha watoto kwa keki na visheti, na uvumi mmoja tu baada ya sala ya Ijumaa watosha kuwakatia riziki.

Jibu letu huanzia kwenye lebo ya chupa. Vimiminika vingi vya kung'arishia mapambo vina shelaki, utomvu wa mdudu mdogo aishiye mitini huko India na Thailand. Huandikwa E904, na mara nyingi huyeyushwa kwa alkoholi. Jeli ya kupaka juu ya keki nayo yaweza kuwa na jelatini, itokanayo na ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe. Nguruwe ni haramu bila mjadala. Ama kuhusu shelaki, na kitu kilichogeuka asili yake, wanazuoni wana kauli zaidi ya moja. Basi si haki ya jirani kumhukumu mpishi kwa kuiona chupa tu.

Hata hivyo, hadithi ya Nu'man bin Bashir inatufunza kuyaepuka yenye shaka, na jikoni njia ipo. Chemsha vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji. Shira hiyo ikikorogwa inapopoa, huganda chenga nyeupe, kama tuionavyo kwenye visheti. Ikikamuliwa ndimu kidogo na kuachwa bila kukorogwa, hubaki ang'avu kama ya kaimati, kwa kuwa tindikali ya ndimu huivunja sukari isigande tena. Kwa maua ya keki ipo gundi ya mgunga, E414, ambayo Sudan ndiyo mzalishaji wake mkuu: kijiko kimoja cha unga wake kwa vijiko vitatu vya maji ya uvuguvugu, hupakwa kwa brashi safi na kuachwa ikauke.

Muuzaji na aseme alichotumia kabla hajaulizwa. Mnunuzi naye, akiwa na shaka, amuulize mpishi mwenyewe, asiipeleke shaka yake barazani. Chakula ni amana, na heshima ya aliyekipika ni amana vilevile.