Nottingham, kwa watu wa milimita 28

Treni ilitutoa St Pancras, London, na kabla saa mbili hazijatimia nikawa Nottingham. Robin Hood yupo kweli, sanamu ya shaba chini ya ukuta wa ngome, kavuta upinde. Ila mimi nilifuata sanamu ndogo zaidi: askari na mazimwi wa michezo ya vita ya mezani, wenye kimo cha milimita 28 hivi.

Mchana huo nilizunguka Warhammer World, makumbusho ya Games Workshop huko Lenton. Watu wazima, wengine wana mvi, wamebandika pua kwenye vioo wakitazama majeshi yasiyofika urefu wa kidole gumba. Kwetu kingeitishwa kikao cha ukoo.

Asubuhi yake nikapelekwa kwa mzee anayefinyanga sanamu kama hizo kwa mkono. Mezani palikuwa na vifaa vya daktari wa meno, kikombe cha maji na utepe wa puti ya epoksi, nusu buluu, nusu njano. Kwanza alikata ukanda mwembamba wa katikati, rangi zinapogusana, akautupa. Niliona israfu. Kumbe hapo zimeshaanza kushikana tangu dukani, na chembe zake ngumu huharibu uso wa sanamu. Zilizobaki akazikanda kama unga wa maandazi mpaka zikawa kijani kitupu.

Gereji za Dar, fundi akitaka puti ya bodi ikauke upesi, huzidisha ile dawa ya kukaushia. Nikadhani na hapa ni hivyo. Wapi! Buluu, ambayo ndiyo dawa yenyewe hapa, ikizidi, donge hukaza mapema lakini huwa kaidi. Njano ikizidi, hulainika, hunata na kuchelewa. Kwa hiyo mzee huchagua kipimo kwa kuangalia anachofinyanga, upanga au shela, na muda anautawala kwa joto.

Puti mbichi hubandikwa kwenye waya ulio mifupa ya sanamu. Ikipoa ule unato, baada ya nusu saa hivi, ndipo inakubali mikunjo ya nguo na kope za macho. Saa moja na nusu ikipita, imeanza kugoma. Akimaliza joho, huliweka chini ya balbu ya zamani yenye joto likomae upesi, asije akaliponda kwa kidole anapofinyanga kichwa. Wakati huo anashika sanamu nyingine. Donge lililobaki alilifunga kwenye nailoni akalitia kwenye friza, kando ya njegere. Kesho yake, akasema, litatoka bado linafinyangika.

Nilivyofurahi! Nikanunua utepe wangu. Mzee akauliza kwetu joto ni kiasi gani. Nikamwambia Februari, mchana, nyuzi 32 ni kawaida. Akatazama balbu yake, akacheka.

"Basi wewe taa ya nini? Zidisha njano kidogo, ukande kidogo kidogo, na ufanye kazi alfajiri."

Nikamuuliza friza ile aliinunua bei gani.