Bibo Halingoji Kesho



Ufikapo msimu wa korosho, kati ya Oktoba na Desemba, njia ya kutoka Masasi kupanda Newala hunukia mabibo. Yamelala chini ya kila mkorosho, mekundu na ya njano. Tunainama, tunanyofoa korosho, na bibo tunaliacha pale pale lijae nzi. Ndivyo tulivyofanya tangu utoto wetu, kwani korosho ina mizani na mnunuzi, bali bibo halina.

Hata hivyo, bibo lina vitamini C mara nne au zaidi ya ile ya chungwa. Tena huku juu, ambako maji hufuatwa mabondeni, tunda hili lenye maji tele huiva wakati wa ukame. Sisi tunalitupa, na sehemu ya yale tunayookota huishia kuwa uraka na gongo. Machozi ya akina mama wanaobisha mlangoni petu kwa sababu ya gongo tunayafahamu.

Mwaka mmoja tuliokota magunia mawili jioni, tukikusudia kuwakamulia juisi watoto wa mafundisho. Tulichoka, tukasema tutakamua kesho. Asubuhi yalikuwa yamechacha. Watoto wakanywa maji ambayo mama zao walikuwa wamepanda nayo vichwani kutoka bondeni. Tuliona aibu.

Tangu siku hiyo tukakubali kufundishwa na akina mama. Bibo huokotwa asubuhi na kukamuliwa siku hiyo hiyo. Huoshwa, hukatwa vipande, hulowekwa katika maji yenye chumvi kidogo ili kupunguza ukakasi, husuuzwa, hukamuliwa na kuchujwa. Juisi ya kunywa leo haihitaji moto, maana moto hupunguza vitamini. Ya kuweka huchemshwa na kujazwa katika chupa zilizochemshwa. Vipande vingine huanikwa juani vikawa kochoko. Watoto waonywe tu wasing'ate korosho mbichi, kwani mafuta ya ganda lake huunguza midomo.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, mana iliyowekwa hadi asubuhi iliota mabuu. Waisraeli walipewa chakula cha siku ile, nao walipaswa kukiokota siku ile. Basi msimu ujao, kabla ya kupeleka korosho ghalani, kila familia ijiulize: mabibo yetu ya leo yamekwenda wapi, na watoto wetu wamekunywa nini?

Tunawatakieni Dominika njema.