KAMATI IPO, NAULI HAKUNA! Mama wa Upareni Aliyegeuka "Mama Nauli"

Kuna mama mmoja huko milimani, Wilaya ya Same. Jina kapuni, kijiji nacho kapuni. Majirani wanamuita Mama Nauli, na hajawahi kumiliki hata boda.

Ishu iko hivi. Ni mjumbe wa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya kijiji. Kamati hizi zilikuja na MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa 2017/18 hadi 2021/22 uliolenga kupunguza ukatili kwa nusu. Kwenye makaratasi mambo safi: wajumbe wapo, daftari lipo. Akiuliza fungu la kamati, anaambiwa "tuvute subira, mama."

Usiku mmoja binti wa jirani akagonga hodi, jicho limevimba, mtoto mgongoni. Mumewe kampiga. Dawati la Jinsia liko polisi, Same mjini. PF3 haiuzwi, ila gari la kushuka mlimani halipakii mtu bure. Mama wa watu akatoa hela ya tangawizi aliyoitunza anunue viatu vya shule vya mwanae, wakashuka alfajiri. Jamaa akaitwa polisi, akatulia miezi kadhaa.

Mara ya pili binti alipokuja, kopo la hela lilikuwa tupu. "Lala hapa mwanangu, kesho tutajua." Asubuhi mume kaja na wazee, maneno matamu, binti akarudi kwake. Wiki ile ile akavunjwa mkono.

Kwenye mkutano wa kijiji mama akasimama: "Huyu mtoto kavunjwa mkono na mumewe, lakini na nauli imechangia." Watu kimya, mwenyekiti anaangalia viatu vyake.

Toka siku hiyo kina mama wanaovuna tangawizi wanadondosha chochote kwenye lile kopo, na vijana wawili wa boda wameahidi kushusha mtu usiku kwa hela ya mafuta tu. Safi sana. Ila wanaochanga ndio hao hao wanaolipa ushuru wa mazao kila msimu.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kukopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu. Jambo jema kabisa. Sasa huyu aliyevunjwa mkono atalima tangawizi ya marejesho kwa mkono upi?

Mtaani kwenu, kamati ina fungu au ina kopo? Tiririka hapo chini.