Saa ya Mungu na saa ya mtaa

Ukiwa binti wa miaka 27 hapa Wazo, hujaolewa wala huna ajira, mtaa mzima unageuka kuwa saa yako ya ukutani. Ukienda dukani kununua sukari: "Pilau tunakula lini?" Ukienda bombani: "Eti mdogo wako ana watoto wawili sasa?" Ukipanda daladala kwenda Tegeta, mama wa watu anakuuliza hata nauli hujatoa!

Mwaka juzi, mpenzi msomaji, posa ilikuja nyumbani na ikapokewa. Zikiwa zimebaki wiki mbili mahari itolewe, mwenzangu akabadili mawazo. Hakukuwa na ugomvi wala fumanizi. Shoga zangu wakanambia, "Mungu kakuepusha na balaa." Labda. Lakini hilo balaa mimi sikuliona, niliona machozi tu. Hadi leo sababu siijui, na Mungu hajaniandikia barua.

Basi kila moyo unapogoma kusubiri, huwa nawakumbuka wanariadha wetu wawili.

Wa kwanza ni John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico, alianguka katika marathoni na goti likaumia vibaya. Saa nzima na ushee baada ya mshindi kumaliza, giza linaingia na watazamaji wengi wamekwishaondoka, ndipo naye akatokea uwanjani akichechemea, bandeji mguuni. Wa mwisho! Lakini mpaka leo anatajwa.

Wa pili ni Alphonce Simbu. Mwaka 2017 alipata shaba ya dunia kule London. Ungedhani dhahabu iko mlangoni. Wapi! Ilimchukua miaka 8. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, baada ya kilomita 42 na zaidi, alimpiku Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 tu kati ya 100 za sekunde. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Mmoja alikawia akakosa medali, mwingine alikawia akaipata. Hakuna aliyejua saa yake, lakini hakuna aliyeketi njiani.

Nami ndivyo ninavyoelewa kumwachia Mungu wakati. Si kulala chali ukingoja muujiza udondoke darini. Cherehani yangu iko barazani, nashona sare za shule. Posa ikija itanikuta kazini. Isipokuja, watoto wa watu wamevaa na mimi nimekula. Usiku naomba, nalia kidogo nikipenda, asubuhi natia uzi kwenye sindano.

Kwa hiyo dada yangu wa Mbagala, kaka yangu wa Tandale, usikate tamaa. Kawia ufike. Mungu si Athumani.

Na wewe jirani unayeulizia pilau, bei ya mchele unaijua. Anza kuchanga mapema!