Gogo Lirudishwe Lilivyokuwa

Wageni wanaokuja Amani, huku Usambara Mashariki, kumtafuta nyoka mweusi wa udongoni hufika na tochi kali. Tochi ina kazi yake usiku, mvua ikishakatika. Mchana, kazi ni ya mikono. Nyoka huyu, ambaye wanasayansi humwita Elapsoidea nigra tangu mwanasayansi Günther alipomwelezea mwaka 1888, hujificha chini ya magogo yaliyooza na ndani ya udongo wa msitu wa mlimani. Uluguru na Nguru yupo pia.

Gogo tunalivuta kuelekea kwetu, kamwe hatulisukumi mbele, ili libaki kinga kati ya miguu yetu na kilichomo. Mwenzangu anavuta, mimi natazama. Nyoka mkubwa ni mweusi tii, anang'aa, mkia mfupi, macho madogo. Mtoto ana mikanda, nayo hufifia kadiri anavyokua. Tukitaka uhakika tunahesabu safu za magamba katikati ya mwili: ni 13. Kumkamata nyuma ya kichwa ni marufuku kwangu, kwa sababu wapo nyoka wengine weusi wafukuaji ambao huchoma kwa jino la pembeni mdomo ukiwa umefumbwa. Chombo cha plastiki na kijiti vinatosha.

Chakula chake kikubwa ni wale amfibia wasio na miguu, ambao mkulima akiwafukua kwa jembe hudhani ni nyungunyungu wanene. Hao hawawezi kuishi kwenye udongo mkavu. Ndiyo maana shamba la iliki hunitia wasiwasi kuliko watu wanavyodhani: miti mikubwa huachwa, ukitazama kutoka barabarani utasema msitu ni mzima, kumbe chini pamefyekwa, majani yamefagiliwa na magogo yamekwenda kuwa kuni. Wapima misitu hutazama juu. Mimi naona wangeanza kwa kuinama.

Sumu anayo, maana ni wa ukoo mmoja na fira na koboko, ingawa hana pupa ya kuuma. Akikuuma, usichanje wala usifunge kamba. Tulia, uwahishwe hospitali. Na wewe unayepita msituni, ukigeuza gogo, lirudishe upande uleule, kwenye alama yake ileile. Likiachwa limepinduka, pale chini panakauka, na hakuna atakayerudi kukaa.