Maneno ya Leso Yatazame Wapi?

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango. Kuhusu dirisha hawakusema neno, na huenda ndiyo sababu mwalimu mmoja kijana wa mjini Voi alipatwa na taabu itakayosimuliwa hapa. Mwalimu huyu hufundisha Kiswahili katika shule moja ya upili. Alikodi chumba katika ploti yenye vyumba sita vinavyotazamana uani, kikawa chumba chake cha kwanza maishani. Kwao, katika milima ya Taita upande wa Wundanyi, alilala na dada zake watatu nyuma ya shuka kuukuu iliyofungwa kwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Upande wa pili walilala kaka zake. Shuka hiyo ndiyo iliyokuwa pazia, ukuta na mlango kwa pamoja. Haishangazi basi kwamba alipokabidhiwa ufunguo wa chumba chake mwenyewe, hakuanza kwa kufikiria meza wala kabati. Alifikiria pazia.

Mtindo alioutaka alikuwa ameuona katika jarida moja la mapambo ya nyumba. Uliitwa mtindo wa kibohemia: kitanda cha chini, mazulia yaliyopandana, mimea ya vyungu, vikapu vilivyotundikwa ukutani, na zaidi ya yote pazia refu jeupe la kimia, lenye matamvua, lililoteremka hadi sakafuni na kupenyeza mwanga mithili ya ukungu unaoshuka mlima Vuria alfajiri. Labda ni ukungu huo uliomteka, maana aliyezaliwa milimani akija kuishi Voi huukumbuka ubaridi kama mtu akumbukavyo sauti ya mzazi. Alijinyima kwa miezi miwili, akaagiza pazia hilo kutoka Nairobi.

Ni vyema kudokeza asili ya jina hilo la mtindo. Bohemia ni eneo lililoko katika nchi ya Cheki ya leo. Wafaransa wa kale waliwaita Waroma, watu wa kuhamahama, kwa jina la eneo hilo wakidhani ndiko walikotoka. Katika karne ya 19 jina likahamia kwa wasanii fukara wa Paris, waliokaa katika vyumba vya darini na kupamba kwa chochote kilichopatikana: shali iliyochakaa, zulia lililotupwa na tajiri, kitambaa kilichobaki kwa fundi. Henri Murger aliandika visa vya maisha yao, na mwaka wa 1896 opera ya Giacomo Puccini, La Bohème, iliyotokana na visa hivyo, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Turin. Mwaka huo huo reli iliyokuja kuuzaa mji wa Voi ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Kwa hivyo mtindo huu, kwa asili yake, ni ufundi wa mtu asiye na kitu. Mwalimu wetu aliununua kwa mshahara wa miezi miwili.

Pazia lilifika, likatundikwa, likapendeza kwa siku tisa. Voi iko bondeni, kwenye ukingo wa mbuga ya Tsavo, na udongo wake ni mwekundu kiasi cha kuwafanya ndovu wa mbuga hiyo waonekane wekundu pia. Vumbi hilo hupeperushwa na upepo, na malori ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi huliongezea mwendo. Kufikia siku ya kumi matamvua yalikuwa yamegeuka rangi ya matofali. Isitoshe, kimia hakikuzuia jua. Saa saba mchana chumba kiliwaka kama tanuri. Usiku nao ulileta jambo ambalo jarida halikulitaja: mchana kitambaa chepesi humficha aliye ndani, lakini taa ikiwashwa usiku humwanika aliye ndani kwa walio nje. Mwalimu aliligundua hilo pale mtoto wa jirani alipomuuliza kwa nini hucheza peke yake akishika ufagio.

Vumbi likazaa fua, na fua ikazaa uhasama. Ploti ile ina tangi moja, na kila chumba kina siku yake ya kuteka. Pazia refu la kimia hunywa maji. Mitungi miwili kulilowesha, miwili kulisuuza, na kila baada ya wiki mbili kazi ni ile ile. Jumamosi moja, mwalimu akiwa ameinama juu ya beseni, mama wa chumba cha nne alipita na mtungi mtupu, akasema kwa sauti iliyokusudiwa kusikika ua mzima:

“Maji ya kunywa hayatoshi, mwenzetu anafulia madirisha.”

Wanawake wengine wakacheka. Mwalimu hakujibu. Yeye ambaye kazi yake ni kuwafafanulia wanafunzi vijembe na mafumbo alikosa la kusema, kwa sababu maneno yale yalikuwa kweli tupu. Maji katika nchi ile si suala la mzaha. Chemchemi za Mzima zimo ndani ya Tsavo Magharibi, katika kaunti hiyo hiyo ya Taita Taveta, na tangu miaka ya 1950 bomba kubwa limekuwa likiyachukua maji yake na kuyapeleka Mombasa kupitia nchi hii kavu. Wakazi na viongozi wa kaunti wamelalamikia hali hiyo kwa miaka mingi. Mtu aliyekua akiusikia mjadala huo redioni tangu utotoni hapaswi kukumbushwa thamani ya mtungi mmoja. Mwalimu alikumbushwa, tena mbele za watu, na kidonda kikamkaa moyoni.

Mwezi uliofuata mama yake alishuka kutoka Wundanyi. Ni mfumaji wa vikapu vya katani, kama walivyo wanawake wengi wa milima ile, na alikuwa amemletea bintiye viwili vya kuwekea vitu. Alipovikuta vingine vitatu vimetundikwa ukutani, vitupu, aliviangalia kwa muda.

“Mwanangu, vikapu hivi vimekosa nini hata vikanyongwa?”

Binti akamweleza kuwa ndio mtindo, kwamba hata ng'ambo watu hununua vikapu vya Taita na kuvitundika hivyo hivyo. Mama akasikiliza kwa adabu aliyo nayo mtu mbele ya mgonjwa. Kisha akalitazama pazia, akalishika kwa vidole viwili, akaona vumbi. Hakuuliza bei. Alifungua mkoba wake akatoa doti moja ya leso, nyekundu ya damu ya mzee na nyeupe, ambayo ilikuwa haijakatwa. Aliipewa na dada yake aliyekuwa akiishi Mombasa, siku alipojifungua mtoto huyu huyu. Hakuwahi kuikata wala kuipiga pindo. Kila mwaka aliitoa sandukuni, akaianika kivulini, akairudisha. Alikuwa akingoja mtoto awe na nyumba.

“Hii haitaki kufuliwa kila mara,” alisema. “Rangi yake na ya udongo wa huku ni ndugu.”

Msomaji wa jarida hili anaijua leso, lakini si vibaya kukumbushana. Jina lenyewe lilitokana na Kireno, lugha ambamo lilimaanisha kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa havijakatanishwa, wakaviunga kupata nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuichapisha nguo hiyo ikiwa kipande kimoja. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka wa 1887, lilipata sifa kwa leso zenye alama ya “Mali ya Abdulla.” Leso ina pindo pande zote, ina mji katikati, na juu ya pindo la chini ina jina, yaani maneno yake. Maneno hayo mwanzoni yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha za Kirumi. Mwanamke wa pwani hachagui leso kwa rangi pekee. Humchagulia mtu maneno, iwe mume, mkwe au mke mwenza, akajifunga na kupita mbele yake bila kufungua kinywa. Leso ya mama ilisema: Usisafirie nyota ya mwenzio.

Mwalimu aliipeleka kwa fundi wa cherehani karibu na soko, mzee mmoja aliyetoka Mombasa miaka mingi iliyopita. Fundi alipima kwanza, akaeleza baadaye. Dirisha lilikuwa na upana wa mita moja na nusu. Pazia lenye marinda ya kupendeza, alisema, hutaka kitambaa chenye upana mara mbili ya dirisha. Leso moja ni kama mita moja na nusu; doti ikikatwa hutoa mbili, kwa hivyo upana ungetosha bila kupotea hata inchi. Upungufu ulikuwa katika urefu, kwa kuwa leso ina mita moja na kitu, na dirisha lilihitaji zaidi. Akapendekeza kuunga ukanda wa merikani upande wa juu, mahali pa kupitishia waya, na bitana ya pamba nzito kwa nyuma ili jua la adhuhuri lizuiwe na taa ya usiku isimwanike mtu.

Mwalimu alitabasamu kwa kusikia jina la merikani, kwani ni somo alilowahi kulifundisha: nguo nyeupe nzito iliyoletwa na merikebu za Wamarekani katika karne ya 19, ikabebwa na misafara kutoka pwani hadi bara, ikabaki na jina la nchi ilikotoka. Kitambaa cha misafara na kitambaa cha uzazi wake vingeshonwa pamoja.

“Lakini ukiikata imekatika, fundi,” alisema. “Mama ameihifadhi miaka ishirini na saba.”

“Doti huuzwa ili ikatwe, mwalimu. Nitaikata pale pale ambapo mama yako angeikata, nipige pindo pale pale ambapo angepiga. Merikani na bitana nitazishona kwa mishono mirefu. Ukipata mtoto kesho, fumua, umbebe.”

Ndipo akauliza swali ambalo mwalimu hakulitarajia.

“Maneno yatazame wapi?”

Mwalimu hakuelewa. Fundi akaweka mkasi chini. Akamweleza kuwa pazia la maua halina shida, likitazama ndani au nje ni maua tu. Leso inasema. Ikitazama ndani inamwambia mwenye chumba. Ikitazama uani, bitana ikawa upande wa ndani, inawaambia majirani, na katika ploti ya vyumba sita kila mtu atajiuliza ni nani anayeambiwa. “Mimi nashona pande zote mbili,” alimaliza, “lakini siwezi kuja kufumua ugomvi.”

Mwalimu alisimama pale kibarazani na leso mikononi. Alimkumbuka mama wa chumba cha nne na mtungi wake mtupu. Alikumbuka kicheko. Hapa palikuwa na jibu ambalo lingetundikwa dirishani mchana na usiku, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili sanifu, bila yeye kutamka lolote. Na lau angeulizwa angesema kwamba ni leso tu ya mama. Silaha gani ingekuwa safi kuliko hiyo? Alikuwa hata ameshafungua kinywa aseme “nje.”

Kilichomzuia hakikuwa wema. Kilikuwa mazoea ya kazi. Kila alipowafundisha wanafunzi methali aliwauliza swali moja: msemaji ni nani, na msemwa ni nani? Alijiuliza swali hilo kuhusu leso ile, na jibu likamjia bila huruma. Jirani hakuwa amesafiria nyota ya mtu yeyote. Alikuwa ametaka maji siku ya zamu yake. Aliyejinyima miezi miwili ili chumba chake kifanane na picha ya chumba cha watu asiowajua, katika nchi isiyo na vumbi jekundu, alikuwa mwingine. Na mama, aliyetaka kujua vikapu vimekosa nini, huenda alikuwa ameyasoma maneno ya leso yake kabla ya kuitia mkobani.

“Yatazame ndani,” alimwambia fundi.

Pazia jipya limetundikwa hadi leo. Likipigwa vumbi hukung'utwa kibarazani, na fua yake ni mara moja kwa miezi kadhaa, kwa maji ya zamu ya mwenyewe. Saa saba mchana chumba huwa na kivuli chekundu chekundu, kama ndani ya tunda. Vikapu vitatu vimeteremshwa ukutani. Kimoja kina vitunguu, kimoja madaftari ya wanafunzi, kimoja nguo za kufua. Lile pazia la kimia mama alipanda nalo Wundanyi, akalifunikia kitalu chake cha sukumawiki kuku wasiparue miche, na inasemekana huko juu, ukungu ukishuka, linapendeza sana.

Jioni moja, fundi akiwa ametoa bitana aipunguze, mwalimu aliwasha taa. Leso ikapenyeza mwanga, na mama wa chumba cha nne, aliyekuwa akianua nguo uani, akaona herufi zilizopinduka, nusu yake zimemezwa na marinda. Alijaribu kusoma, akashindwa. Akakaribia dirisha.

“Jirani, hiyo leso yako imeandikwa nini? Au ndiyo mimi ninayesemwa?”

Mwalimu alifungua mlango.

“Ingia usome,” alimwambia. “Imeandikwa upande wangu.”